Kungoja Vitabu vya Velora

Jumapili, 12 Oktoba 1997

Leo nimecheka. Naanza na hilo kwa sababu tangu tumzike mume wangu Ogola sijacheka, na baada ya kucheka niliangalia huku na huku kama mwizi.

Nasipwondi na mumewe Simiyu walitoka Kisumu kuja huku kijijini na mkate na sukari, kama watu wanaokuja kutoa pole. Lakini Nasipwondi hakungoja hata chai ichemke. Alinishika mkono.

"Lornah, Velora inarudi! Inarudi kwa vitabu!"

Velora ni ile sinema ya televisheni ya meli inayosafiri kati ya nyota, imebeba watu ambao dunia yao iliganda barafu wakawa wanatafuta pa kuishi. Ogola alikuwa fundi wa redio na televisheni katika mtaa wetu wa Manyatta, Kisumu, na chumba chetu ndicho kilichokuwa na seti isiyopepesa. Kila Jumapili jioni walijaa kwetu: Nasipwondi anayeuza katika duka la vitabu mjini, Simiyu anayepanda mapaa ya watu kufunga erio, zile antena za televisheni, na wengine waliokuja wakapotea. Siku ya mwisho Kapteni Idrane alitoka peke yake kwa chombo kidogo kuivuta meli kutoka kwenye wingu lililoinasa, mlango ukafungwa nyuma yake, na hapo sinema ikakatizwa. Haikurudi tena. Tulilia kama waliofiwa. Miaka imepita na hakuna ajuaye kama Idrane alipona.

Sasa binamu ya Simiyu aliye Uingereza ametuma gazeti la mashabiki. Riwaya tatu, zinazoanzia pale sinema ilipoachia. Ya kwanza inatoka mwezi wa pili, ya pili mwaka utakaofuata, ya tatu mwaka wa elfu mbili.

"Hiyo si Velora," Simiyu alisema. "Velora ni ile tuliyoiona kwa macho. Kitabu mtu yeyote anaweza kuandika. Hata mimi."

"Wewe?" Nasipwondi alisema. "Barua za mama yako nani anakuandikia?"

Hapo ndipo nilipocheka. Mama mkwe wangu, Mama Dorca, alikuwa mlangoni pake akipepeta mchele. Aliinua macho, akatutazama, akaendelea kupepeta.

Jumatano, 15 Oktoba

Mvua.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nilitaka kuvuka kwa jirani kuazima jembe. Mama Dorca aliniita nikiwa sijafika langoni.

"Nyar Seme." Ndivyo anavyoniita, binti wa Seme, kwa sababu ndiko nilikozaliwa. "Umesahau ulivyo?"

Sijasahau. Mjane ambaye hajarithiwa na ndugu ya mumewe haingii boma la mtu. Akiingia anapeleka chira, ile laana inayokondesha watoto na kuua ng'ombe. Kwa hiyo dunia yangu sasa ni hii dala, boma letu nje kidogo ya Ahero: nyumba yangu, nyumba ya mama, nyumba ya shemeji yangu Gordon na mkewe Rosa, choo, zizi, na nyuma yetu majaruba ya mpunga mpaka macho yachoke.

Hakuna aliyenifunga kamba. Naweza kwenda barabarani nipande gari nirudi Kisumu. Lakini Mzee Dalmas, ndugu ya marehemu baba mkwe na mkubwa wa ukoo, alisema mbele ya kaburi kwamba mtoto wa Ogola hatoki. Benta wangu ana miaka saba. Basi hiyo ndiyo kamba.

Jumapili, 19 Oktoba

Hawakuja, barabara imejaa tope. Nilikaa na mama kuchambua mchele. Tulikaa kimya, kama kawaida yetu, mpaka akauliza bila kuniangalia, "Siku ile mlikuwa mnachekea nini?"

Niliona aibu. Unamwelezaje mama mkwe, kwa Dholuo, habari ya meli ya angani? Nilimweleza kwa ufupi ili nimalize.

"Meli hiyo ina watu wangapi?"

"Mia tatu, mama."

"Nani anawapikia?"

"Mashine."

"Mashine inajua chumvi?"

Aliendelea kuuliza. Kapteni ni mwanamke? Wanaume wanamsikiliza? Ana watoto? Mtu akifa, wanamzika wapi?

"Wanamwachilia angani, mama."

Aliweka ungo chini. "Mbali na nyumbani kwake?"

"Hawana nyumbani. Ndiko wanakotafuta."

Nikadhani nimemkosea. Kisha akauchukua ungo tena. "Haya. Endelea."

Alhamisi, 23 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Nimemsimulia mama kisa cha Idrane na wale wezi wa maji. Amesema wezi wangefungwa, si kusamehewa.

Ijumaa, 24 Oktoba

Amebadilisha mawazo. Amesema mmoja wao asamehewe, yule mdogo.

Jumapili, 2 Novemba

Wamekuja, viatu mkononi na tope mpaka magotini. Nasipwondi amenakili kwenye karatasi maneno yote ya gazeti kuhusu kitabu cha kwanza. Tulikaa barazani kwangu, akasoma kwa Kiswahili polepole: "Miaka miwili baada ya kifo cha Kapteni Idrane, Haskar anaiongoza Velora kuelekea..."

"Kifo!" nilisema.

"Ndiyo hapo," alisema Nasipwondi. "Sijalala tangu niisome."

"Si niliwaambia?" Simiyu alipiga goti lake. "Wameanza kwa kuua. Mimi nakataa. Kwenye sinema hakufa. Mlango ulifungwa, basi. Kisichoonekana hakihesabiki."

"Lakini kimeandikwa, Simiyu. Na wenye Velora wenyewe wamekubali."

"Hata kama wamekubali!"

Mama Dorca alikuwa ameketi kwenye kigoda chake akijifanya hasikii. Ghafla akaniuliza kwa Dholuo wanasema nini. Nikamwambia. Sijawahi kumwona akikasirika hivyo, hata siku ya mazishi.

"Nani amemwona amekufa?"

"Hakuna, mama."

"Mwili uko wapi?"

"Hakuna mwili."

"Sasa wanamliliaje? Waambie marafiki zako. Hakuna maiti, hakuna matanga. Mpaka waniletee mwili, huyo mwanamke yuko safarini."

Nilipowatafsiria, Simiyu alisimama akamsalimia kwa mikono miwili. "Mama, wewe ndiye shabiki wa kweli." Nasipwondi akasema si haki, sasa tuko watatu kwa mmoja. Walipoondoka mama aliwafungia mchele kwenye karatasi.

Namwandika hapa kama nilivyomwona leo, kwa sababu sikuwa nikimjua. Nilidhani yeye ndiye kufuli la mlango wangu.

Jumatano, 5 Novemba

Mzee Dalmas amekuja na wazee wengine wawili. Nilipika, nikapakua, nikaitwa kukaa kwenye mkeka karibu na mlango. Walizungumza juu yangu nami nipo hapo.

Mambo ni haya. Ogola alikuwa mtoto wa kwanza. Kwa desturi mama mkwe hupanda kwanza, kisha mke wa mtoto wa kwanza, kisha wengine. Mimi sijarithiwa, kwa hiyo mkono wangu hauwezi kushika mbegu. Nisipopanda mimi, Rosa hawezi kupanda. Rosa asipopanda, watoto wake watalala njaa. Kwa hiyo Gordon anirithi kabla ya msimu.

Gordon alikuwa anakwangua tope kwenye kiatu. Hakuinua macho.

Nilisema naomba muda, bado naomboleza. Mzee Dalmas hakupaza sauti. Hajawahi kupaza.

"Hakuna anayekukimbiza, mama Benta. Lakini mvua haingoji mtu. Na huyo Mbukusu anayekuja hapa kila Jumapili, asije tena. Watu wana macho."

"Anakuja na mke wake, mzee."

"Asije."

Mama Dorca hakusema neno. Nilimtazama mpaka mwisho na hakusema neno. Nikarudia maoni yangu ya zamani juu yake.

Jumapili, 9 Novemba

Walikuja hivyohivyo. Nilikimbia nyuma ya nyumba tukaonana kwenye ua wa minyaa, wao kwenye kijia, mimi ndani, majani yakitudondoshea maji. Simiyu alisimama mbali kidogo akitazama upande mwingine, ili akiulizwa aseme hakuongea nami. Tungecheka kama isingekuwa mambo yenyewe.

Nasipwondi alipenyeza picha iliyokatwa gazetini. Ni jalada la kitabu. Haskar, yule msaidizi, ameketi kwenye kiti cha Idrane.

Nilimwonyesha mama tukiwa jikoni. Aliisogeza karibu na moto.

"Huyu ni nani?"

"Haskar. Alikuwa mdogo wake kikazi."

"Ameketi kwenye kiti chake mapema hivi," alisema. Kisha akanirudishia picha, akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Alhamisi, 13 Novemba

Rosa alikuja kuteka maji akiwa na debe ambalo lilikuwa limejaa tayari. Hatujawahi kuwa marafiki. Ni msichana wa Bondo, mrembo, mdomo mwepesi. Leo mdomo ulikuwa mzito.

"Ogola aliumwa nini?" aliuliza.

"Kifua. Walisema kifua."

"Nilimfulia shuka, shemeji. Si kifua tu kile." Alianza kulia bila sauti. "Nina watoto watatu. Kataa, tafadhali. Mimi siwezi kumkatalia Gordon, wala Gordon hawezi kumkatalia mzee. Ni wewe tu."

Nikamwambia mimi siwezi chochote, nimefungwa na Benta. Akasema anajua. Akajitwika debe lake akaenda.

Nimekaa hapa nikifikiria ile miezi ya mwisho ya Ogola, alivyokonda, vidonda mdomoni. Tulikuwa hatulitaji jina. Hata sasa kalamu haitaki.

Jumatatu, 17 Novemba

Mvua. Mto Nyando umefika mti wa tatu.

Jumanne, 18 Novemba

Mvua. Kuku wawili wamekufa maji.

Jumamosi, 22 Novemba

Nasipwondi hakuweza kuja juma lililopita, na najua hataweza kesho. Daraja limefunikwa. Hii dala imekuwa kisiwa. Benta ameniuliza kama sisi pia tumenaswa kwenye wingu.

Jumatano, 26 Novemba

Tuko shuleni. Naandika nikiwa juu ya dawati.

Maji yaliingia asubuhi ya juzi tukinywa uji. Hayakuja kwa kelele. Yalipita chini ya mlango kama mgeni mwenye adabu, na tulipomaliza kuokota mablanketi yalikuwa magotini. Gordon alimbeba Benta begani na mtoto wake mdogo mgongoni. Rosa alibeba sufuria na mbegu. Mimi nilimshika mama mkono, kwa maana mguu wake wa kushoto hauna nguvu, na katikati ya majaruba alisimama akasema nimwache. Maji yalikuwa kifuani kwake. Ameishi vya kutosha, alisema, niende nikamshike mtoto.

Nilishikwa na hasira ambayo sijui ilitoka wapi. Nilimwambia, "Mama, kitabu kinatoka mwezi wa pili. Unataka nani akueleze kama yuko hai?"

Alinitazama kana kwamba mimi ni mwehu. Kisha akaanza kutembea.

Shule iko juu kidogo karibu na barabara. Maboma mengi yamekusanyika hapa, watu na mbuzi. Mlangoni palizuka ubishi kama mimi naweza kuingia. Je, darasa ni boma la mtu? Wazee walibishana huku mvua ikitunyeshea, mpaka mwanamke mmoja anayeuza samaki sokoni, Agneta, akasema, "Mwenye darasa hili ni serikali. Kama serikali itapata chira, ni sawa tu." Nikaingia.

Jumapili, 30 Novemba

Njaa, na harufu ya mbuzi. Watoto wanakohoa. Mama Dorca ameanza kuwasimulia wanawake habari za Velora.

Anasimulia vibaya sana. Amempa Idrane ng'ombe. Haskar amekuwa mtoto wa dada yake. Nilijaribu kusahihisha akaniambia nikitaka kusimulia nisimulie yangu. Lakini wanamsikiliza. Alipofika pale mlango unapofungwa, ilisikika mvua tu juu ya mabati.

Kisha wakaanza kubishana, hasa kama sisi Manyatta. Mmoja anasema amekufa. Mwingine anasema ameolewa huko kwenye wingu. Agneta alingoja wote wamalize.

"Hiyo ni biashara," alisema. "Wakimuua wanauza kitabu kimoja. Wakimficha wanauza vitatu. Huyo mtamwona kitabu cha tatu, kabla ya hapo msimtafute."

Natamani Simiyu angemsikia.

Alhamisi, 4 Desemba

Mvua. Wagombea wa ubunge wamepita barabarani kwa trekta na vipaza sauti. Wametugawia unga.

Jumapili, 7 Desemba

Nitaandika kama nikumbukavyo, na nitaandika yote.

Baada ya sala ya mchana, Mzee Dalmas alisimama mbele ya ubao. Maboma yote yalikuwepo. Alisema maji yakianza kushuka itabidi tupande mara moja, ardhi itakuwa na rutuba ya mto, na dala yetu isiwe nyuma kwa sababu ya mtu mmoja. Alisema kwa upole kabisa. Jumamosi ya kwanza tukirudi nyumbani, Gordon ataingia kwangu, na asubuhi yake tutapanda. Aliuliza kama kuna mwenye neno, jinsi padri anavyouliza kwenye harusi.

Nilisimama.

"Sitaki," nilisema.

Watu waligeuka. Mzee Dalmas alinitazama kama mtoto aliyekohoa kanisani.

"Hakuna aliyekuuliza kama unataka."

"Ndiyo hiyo," ilisema sauti nyuma yangu.

Ilikuwa Mama Dorca. Alikuwa ameketi sakafuni na hakusimama, mguu haumruhusu. Aliongea kutoka palepale chini, na mzee akalazimika kuinamisha kichwa ili amwone.

"Dalmas. Mume wangu alipokufa ulikuja kwangu na koti lako. Ulilitundika kwenye msumari wake. Asubuhi nikapanda mtama, watu wakasema mambo yamekuwa mazuri. Nimekupikia miaka yote hiyo. Umewahi kusikia nikilalamika?"

"Hapana," alisema mzee. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Hukuwahi kuniuliza. Ndiyo maana hukusikia."

Mimi sikujua. Nimekuwa katika dala hii kama mke kwa miaka tisa na sikujua kwamba mzee huyu alikuwa amemrithi mama. Nilidhani anakuja kula kwake kama shemeji yeyote.

"Mila si yangu," Mzee Dalmas alisema. "Nimeikuta."

"Hata mimi nimeikuta. Lakini dala ni yangu, niliifungua na mume wangu. Mbegu ya kwanza ni ya mkono huu. Ya pili ni ya Nyar Seme, akiwa hivyo alivyo. Chira ikija nitaipokea mimi, mlangoni, kama mgeni. Mimi ni mzee. Haitapata nyama nyingi."

Mtu alicheka, akaacha.

"Gordon," mzee aliita. "Wewe ni mwanamume. Sema."

Gordon alikuwa kwenye dirisha. Nilijua ataogopa, na aliogopa, niliona. "Baba," alisema, "hata mimi sikuulizwa."

Rosa aliweka uso wake kwenye mgongo wa mtoto wake.

Mzee Dalmas alichukua fimbo na kofia. Alisema maji ya dala yetu hatayanywa tena. Kuhusu Benta, alisema mtoto ni wa ukoo na hilo halina mjadala. Mama Dorca akamjibu, "Mtoto ana mama," akageuka kuomba mtu amsaidie kunyoosha mguu. Niliunyoosha mimi.

Jumatatu, 8 Desemba

Baadhi ya wanawake hawataki kukaa karibu nami. Agneta amehamisha mkeka wake kuja kwetu.

Alhamisi, 1 Januari 1998

Mwaka mpya, darasa lilelile. Watu wamepiga kura, mvua haijali.

Jumatano, 21 Januari

Nyumbani. Nyumba ya mama imesimama. Yangu imeanguka ukuta mmoja, na kwenye kitanda changu tumekuta kamongo, yule samaki wa matope, yuko hai na ana hasira. Gordon anatengeneza ukuta. Tunafanya kazi bila kuongea, lakini si kimya kile cha zamani. Leo alisema, "Shemeji, nipe udongo." Nikampa.

Jumamosi, 14 Februari

Tumepanda. Mama kwanza, amekaa kwenye kigoda shambani, akichomeka mbegu kwa kidole. Kisha mimi. Niliinama nikangoja kitu kitokee, sijui nini, radi labda. Rosa alikuwa nyuma yangu akisema, "Songa, shemeji, jua linapanda."

Majirani walisimama kwenye kijia wakitazama. Wawili walitema mate chini wakaenda zao.

Jumapili, 22 Februari

Barabara imefunguka. Nimekwenda Kisumu na Benta, mama amesema niende. Hakuna aliyenizuia langoni. Nilipofika barabarani niligundua kwamba nilikuwa nimemshika mtoto mkono kwa nguvu hata vidole vyake vimekuwa vyeupe.

Nasipwondi hakungoja hodi wala hakusema karibu. Alikiweka kitabu mkononi mwangu. Kilikuwa kimefika juma hili dukani, nakala moja, na alikuwa hajakifungua, akinisubiri. Sijui kama mimi ningeweza.

Tulikisoma kwa zamu, mimi na yeye, mchana kutwa. Simiyu alikataa katakata, akaenda kufunga erio. Idrane hayumo. Haskar si mbaya kama nilivyofikiri, analia sana na hajui kuongoza. Wanafanya ibada ya kumkumbuka, kurasa nyingi, na mwili hakuna. Kwenye sura ya kumi na moja Nasipwondi alisema, "Mwandishi huyu hampendi Idrane. Anamwogopa." Nilisema labda anamwekea akiba, nikamweleza hesabu ya Agneta.

Simiyu aliporudi alisema si haki Haskar kuivunja ile mashine ya maji. Tukatazamana. Habari ya mashine iko ukurasa wa mwanzoni.

"Niliona tu kilipokuwa mezani," alisema.

Jumatatu, 23 Februari

Nasipwondi amenisindikiza hospitali. Nimetoa damu. Benta naye. Nilimwambia ni ya malaria.

Jumatatu, 9 Machi

Muuguzi alifunga mlango kabla ya kuongea, nikajua.

Benta hana. Naandika tena: Benta hana.

Mimi ninacho kirusi. Aliniambia nile vizuri, nisinyonyeshe, nisiwe na mawazo. Nilimshukuru, sijui kwa nini.

Nasipwondi alinichukua tukatembea mpaka kando ya ziwa. Magugu yalikuwa yamefunika maji yote, kijani kitupu, kama shamba la mtu. Mashua zilikuwa zimekwama humo, na mwanamume mmoja alikuwa amesimama kwenye mashua yake na panga, akikata, akikata, na yakifunga tena nyuma yake. Tulimwangalia. Nasipwondi alianza kuniambia kwamba dukani wameagiza cha pili, kitafika mapema kuliko hiki, na cha tatu nacho mwaka wa elfu mbili atahakikisha ni nakala mbili, moja yangu. Aliongea haraka sana. Kisha akaacha. Hatukutazamana.

"Kwa nini nakala mbili?" nilisema mwishowe. "Tutasoma pamoja."

Alinishika mkono na hakuuachia mpaka stendi.

Jumanne, 10 Machi

Nilirudi jana jioni. Mahindi yametoka, yamefika kwenye kifundo cha mguu.

Ningeweza kubaki Kisumu. Lakini niliona si haki Rosa aje kusikia kwa watu. Leo nimewaita yeye na mama nyumbani kwangu, mchana, mlango wazi. Nimelisema jina lenyewe la ugonjwa. Nimesema ndio uliomuua Ogola, na mimi ninao, na Benta hana.

Mama Dorca alifunika mdomo kwa khanga. Hakuniambia pole. Alikuwa anamlilia mtoto wake upya, niliona, na mimi pamoja naye.

Rosa alisimama akashika mlango.

"Gordon angekuja kwako kabla ya kupanda," alisema.

"Ndiyo."

"Kisha angerudi kwangu."

"Ndiyo, Rosa."

Alitoka. Nilimsikia akiwaita watoto wake mmoja mmoja kwa majina waingie ndani, na mlango wa nyumba yake ukafungwa. Nikasema moyoni, haya, imeanza. Nimeshaona watu walivyofanyiwa huko Manyatta, kikombe chao pembeni, kiti chao pembeni. Nilianza kupanga nguo zangu na za Benta. Mama alikaa akiniangalia bila kunizuia.

Jua lilikuwa limeinama kidogo tu Rosa aliporudi. Alikuwa amebeba ugali na kamongo wa mchuzi, kwenye sahani moja kubwa. Aliiweka katikati ya mkeka, akaleta maji, akaninawisha mikono mimi kwanza, kisha mama, kisha akanawa yeye kwenye maji yaleyale. Akaketi. Nilisubiri anipakulie pembeni.

Alikata tonge mbele yangu, pale nilipokuwa nimeweka mkono wangu, akachovya kwenye mchuzi, akala. Alitafuna akinitazama usoni, machozi yakimtoka, mpaka akameza.

"Kula," alisema. "Samaki huyu akipoa hafai."